Kabla ya kufomati memwari ya mama, aulizwe kwanza kuna nini ndani

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Mama alifika Birere asubuhi, redio yake ndogo ikiwa imefungwa ndani ya kitenge. Ni redio ya bei ya chini: antena imekunjika, batri imeshikwa na mpira, na upande mmoja kuna kitundu cha kuingiza memwari, ile kadi ndogo inayobeba nyimbo. Alitaka jambo moja tu, kijana wa kibanda amwongezee nyimbo za Pasaka. Kijana akachomoa memwari, akaitia kwenye kompyuta, akaangalia kioo kwa muda mfupi, kisha akasema: «Mama, hii iko na virusi. Tuifomati?» Mama akajibu kama wengi wanavyomjibu fundi: «Mwanangu, fanya vile unavyojua.»

Baada ya dakika chache alirudishiwa memwari ikiwa safi, ikiwa na nyimbo mpya zaidi ya mia mbili. Alilipa, akashukuru, akarudi Ndosho kwa miguu. Ni jioni, alipotaka kusikiliza kwaya ya parokia yake ya kandokando ya Kitshanga, ndipo alipojua maana ya lile neno. Kwaya haikuwemo tena. Nyimbo 12 zilizorekodiwa kwa simu kabla ya vita kufika kijijini, ambamo mume wake, sasa marehemu, alisikika akiongoza sauti ya besi, zilikuwa zimefutwa. Hakuna aliyemwibia. Hakuna aliyemdanganya. Aliulizwa kwa neno asilolijua, akakubali.

Kisa cha namna hii si cha mama mmoja. Karibu kila familia iliyohama yaweza kusimulia cha kwake: memwari iliyorudi tupu, simu iliyopoteza sauti za ndugu baada ya kuunganishwa na kompyuta, redio iliyonyamaza baada ya kutiwa nyimbo mpya. Watu huyachukua kama mambo ya mashine, wanasikitika siku mbili na kununua nyimbo nyingine. Lakini lawama haiwezi kuachiwa mashine peke yake. Kuna desturi mbaya imeingia katika vibanda vyetu, ya kufuta kwanza na kuuliza baadaye, na wakati umefika iachwe.

Ili kuelewa uzito wa jambo, inafaa kuangalia kile ambacho muhami hubeba anapokimbia. Wengi walioondoka Rutshuru tangu mwisho wa mwaka 2021, na walioondoka Masisi mwaka 2023 na 2024, walitoka na watoto mgongoni, godoro kichwani kama nafasi iliruhusu, na simu au redio mfukoni. Picha za ukutani zilibaki. Daftari za kwaya zilibaki. Ngoma na magita vilibaki. Kisha kambi zilizozunguka mji wa Goma zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025, familia nyingi zilihama tena, na vitu vikapungua tena. Kilichoweza kupita katika safari hizo zote ni kile kisichozidi ukubwa wa ukucha.

Memwari ya GB 8, ambayo leo huhesabiwa kuwa ndogo, huweza kubeba karibu nyimbo 2,000 za MP3 za dakika nne nne. Nyingi kati ya hizo ni za wanamuziki wanaojulikana nchini kote. Zikipotea leo, kesho zitapatikana tena katika kibanda cha jirani. Rumba ya Kongo haitapotea kwa sababu ya memwari moja ya Ndosho. Tangu mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021 imeandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu, na nyimbo zake zimehifadhiwa Kinshasa, Brazzaville, Paris na Brussels.

Kwaya ya kijiji haina orodha yoyote. Haikuingia studio, haikuuza kaseti. Ilirekodiwa siku ya ndoa au ya mavuno, simu ikiwa imewekwa juu ya benchi, watoto wakipiga kelele nyuma. Leo waimbaji wake wametawanyika: wengine Goma, wengine Bukavu, wengine kambini Uganda, wengine hawako tena duniani. Kijana wa kibanda anapoona faili lenye jina la namba tupu, hawezi kujua kama ni kelele za barabarani au ni wimbo wa mwisho wa watu waliokuwa wakisali pamoja. Ndiyo sababu lazima aulize.

Tatizo lina mizizi yake pia katika namna mashine zenyewe zilivyotengenezwa. Kuingiza muziki kumefanywa kuwa kazi nyepesi, kuutoa kukawa kazi ngumu. Mfano unaojulikana sana ni iPod, iliyotoka Marekani mwaka 2001. Nyimbo zilitoka kwenye kompyuta kwenda ndani yake kwa programu maalumu, lakini programu hiyo haikukubali kuzirudisha zote kwenye kompyuta, kwani makampuni ya muziki yaliogopa watu kupeana nyimbo bure. Ndani yake nyimbo zilifichwa katika folda zisizoonekana, zikapewa majina mafupi ya herufi nne. Na ikiunganishwa na kompyuta nyingine, yenye nyimbo nyingine, programu huuliza kama ifute zilizomo na kuweka za kompyuta hiyo mpya. Mashine hizo hazitengenezwi tena, lakini za mtumba bado huletwa na ndugu walio ng'ambo kama zawadi. Swali huja kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, kijana hubonyeza «ndiyo» ili kazi iendelee, na nyimbo za miaka kumi zinaondoka. Ni kisa kilekile cha mama wa Ndosho: mtu kaulizwa, lakini hakuelewa alichoulizwa.

Simu za leo zina vikwazo vyake. Kwanza kuna kamba. Kamba nyingi za bei rahisi zina nyaya za kuchaji tu, hazina nyaya za kupitisha mafaili. Mtu anaweza kukaa saa nzima akisubiri simu ionekane kwenye kompyuta, na haitaonekana. Kisha kuna aina ya faili. Redio ndogo za sokoni hujua MP3, na wakati mwingine WAV au WMA. Lakini simu hurekodi sauti kwa M4A, AMR au 3GP, na sauti zinazotumwa kwa WhatsApp huja kwa aina iitwayo Opus. Faili hilo laweza kunakiliwa vizuri kabisa kwenye memwari, likaonekana kwenye kompyuta, na bado redio ikalipita kama vile halipo. Mwenye redio husema «memwari imekufa». Haijakufa. Sauti iko mle, inangoja mtu wa kuibadilisha iwe MP3, kazi ambayo programu za bure huifanya kwa dakika chache bila intaneti.

Hata ukubwa wa memwari ni mtego. Zile zinazozidi GB 32 huuzwa zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, wakati redio nyingi ndogo husoma FAT32 peke yake. Tena kuna memwari za uongo: nje imeandikwa 64, ndani ni 8. Hazikatai nyimbo zinapojaa. Zinaendelea kupokea, majina yanaonekana yote, lakini nyimbo mpya zinaandikwa juu ya zile za zamani, na hizo za zamani zikifunguliwa zinatoa kelele au hazitoi kitu. Mteja hulaumu kibanda, kibanda hulaumu virusi, na aliyeuza memwari hiyo sokoni hayupo kujibu.

Lakini tuje kwenye virusi, kwa sababu ndilo neno linalotumiwa kufuta kila kitu. Aina inayosumbua sana memwari na flashi katika vibanda haifuti nyimbo. Inaficha folda, kisha inaweka mahali pake alama ndogo za njia ya mkato zenye majina yaleyale. Dalili yake ni rahisi kuitambua: memwari inaonekana tupu au imejaa alama za ajabu, lakini kompyuta yasema nafasi imetumika. Kama GB 6 kati ya 8 zimetumika, basi nyimbo ziko palepale. Katika Windows kuna amri fupi iitwayo attrib, ambayo huondoa uficho huo na kurudisha folda zote mbele ya macho. Baada ya hapo mafaili ya sauti yanakopiwa kwenye kompyuta, memwari inafomatiwa, na mafaili yanarudishwa. Kwa memwari ya kawaida kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko foleni ya maji. Kufomati hapohapo bila kutazama ni sawa na kuchoma nyumba kwa sababu imeingia panya.

Vijana wa vibanda wana hoja zao, na si haki kuwasema bila kuwasikiliza. Wanasema kompyuta moja hupokea memwari nyingi kwa siku, na moja yenye virusi yaweza kuchafua zote zinazofuata. Wanasema dawa ya virusi hutaka kuongezewa nguvu mara kwa mara kwa intaneti, na megabaiti ni ghali. Wanasema umeme hukatika katikati ya kukopi, na faili lililokatwa katikati huharibika. Wanasema pia kwamba wateja wenyewe wana haraka: mtu anaacha memwari, anaenda sokoni, anarudi akitaka ikute tayari. Hayo yote ni kweli. Wengi wao ni vijana waliokosa kazi nyingine baada ya masomo, na bila wao wakaaji wengi wasingekuwa na wimbo hata mmoja nyumbani.

Lakini ugumu wa kazi hauondoi deni la kuuliza. Fundi wa nguo hakati kitenge kabla ya kumpima mtu. Kinyozi huuliza kabla ya kunyoa ndevu za mzee. Anayeshika memwari ya mtu ameshika kitu kisichoonekana kwa macho, na kwa hiyo anapaswa kuuliza zaidi kuliko hao wote. Na aulize kwa maneno yanayoeleweka. «Tuifomati?» si swali kwa mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya kompyuta. Swali ni hili: «Mama, nikifanya hivi, kila kilichomo humu kitapotea na hakitarudi. Kuna sauti humu isiyokuwa mahali pengine?» Akijibu kwamba ipo, akopiwe kwanza, hata kama itabidi alipe kidogo zaidi. Hakuna mama wa Ndosho, wa Mugunga au wa Sake atakayekataa kulipa kwa ajili ya sauti ya marehemu wake.

Kuna pia watakaosema kwamba nyimbo hizo nyingi zimenakiliwa bila ruhusa ya wanamuziki, kwa hiyo zikifutwa hakuna aliyeonewa. Ni kweli kwamba mwanamuziki wa Kongo hapati hata faranga moja pale nyimbo zake zinapotiwa kwenye memwari mia kwa siku, na hilo ni deni ambalo nchi bado haijalilipa. Lakini haki ya mwanamuziki haitetewi kwa kufuta kwaya ya parokia, ambayo mwenye memwari na jirani zake ndio waliouimba wimbo wenyewe.

Kwa upande wao, familia nazo zina kazi ya kufanya. Sauti isiyo na mfano haifai kukaa kwenye memwari ileile inayozunguka vibanda kila wiki. Memwari ndogo ya pili, hata ya GB 4, inatosha kwa kwaya, kwa sauti za wazazi, kwa hadithi za babu. Ifungwe kwa nailoni, iwekwe pamoja na karata ya uchaguzi na vyeti vya ubatizo vya watoto, isitiwe kwenye redio ya kila siku. Mafaili yapewe majina ya kueleweka badala ya namba: jina la kijiji, jina la kwaya, mwaka. Wakati wa kuchomoa kwenye kompyuta, fundi aiagize kwanza kompyuta iiachie memwari, kwa sababu ikichomolewa ghafla wakati bado inaandikwa, orodha nzima ya mafaili yaweza kuvurugika.

Na kama ajali imekwisha kutokea, kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Memwari iliyofomatiwa kwa haraka haijasafishwa kabisa. Kilichofutwa ni orodha, na sauti zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Basi isitiwe wimbo hata mmoja. Itolewe, iwekwe kando, ipelekwe kwa fundi mwenye programu ya kurudisha mafaili, kama PhotoRec ambayo ni ya bure. Majina ya nyimbo yatakuwa yamepotea, lakini sauti yaweza kurudi. Kwa mama wa Ndosho, nafasi hiyo iliharibika papo hapo, kwa kuwa memwari ilijazwa nyimbo mpya dakika ileile. Alirudi Birere siku ya pili. Kijana alijaribu mchana wote, akapata vipande vya sekunde chache vya nyimbo mbili. Kijana hakumcheka wala hakumfukuza. Alionekana kuumia kuliko mama mwenyewe, na hakutaka kupokea pesa.

Redio za jamii, parokia na makanisa zinaweza kusaidia. Zina kompyuta, mara nyingi zina umeme wa jua, na zina watu wanaojua tofauti ya MP3 na M4A. Zingeweza kutenga siku moja kwa mwezi ambapo familia zilizohama zinaleta memwari na simu zao, na sauti zisizo na mfano zinakopiwa kwenye memwari ya pili. Lakini hapo tahadhari inahitajika. Katika jimbo hili, jina la kijiji, sauti ya mtu au maneno yaliyosemwa katika mkutano wa zamani yanaweza kumletea mtu hatari. Kwa hiyo kopi ibaki mikononi mwa familia. Redio isiweke kwake wala kurusha hewani kitu chochote ambacho mwenyewe hakukiruhusu, na kijana wa kibanda asiache mafaili ya wateja kwenye kompyuta yake baada ya kazi. Kuuliza kabla ya kuhifadhi ni lazima kama ilivyo lazima kuuliza kabla ya kufuta.

Wiki tatu baada ya siku ile, wifi wa mama, aliye katika makao ya wakimbizi ya Nakivale huko Uganda, alisikia habari. Katika simu yake ya zamani ulikuwa umebaki wimbo mmoja kati ya zile 12. Hakujua namna ya kulituma faili, basi alifanya alichoweza: aliupiga wimbo kwenye simu hiyo, akaishika karibu na simu ya jirani, akautuma kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ulifika ukiwa na mikwaruzo, na kuku anasikika akilia katikati. Redio ya mama haikuweza kuusoma, kwani ulikuja kwa Opus. Mama akarudi Birere, kwa kijana yuleyule. Safari hii, kabla ya kugusa kitu, kijana aliuliza: «Mama, humu kuna nini ambacho hakiko mahali pengine?» Mama akamwonyesha. Akaubadilisha kuwa MP3, akauandika jina la kwaya na la kijiji, akautia kwenye memwari mbili.

Besi inasikika humo, kwa mbali. Nyimbo 11 hazikurudi. Swali lile lingeulizwa siku ya kwanza, zote 12 zingekuwepo.